Malkia Aliyevaa Pazia

Jumamosi ile Karani aliingia kijiweni amelishika gazeti kwa mikono miwili, kama amebeba hati ya kumkamata mtu.

Kijiwe chetu si kikubwa. Ni benchi moja refu na ndoo mbili zilizopinduliwa, mbele ya duka la Sindano, fundi cherehani. Sindano hushonea mlangoni ili apate mwanga. Mimi, Soli, hushona viatu pembeni yake. Katikati yetu yuko Mama Birika, anauza kahawa na maneno. Kahawa ina bei, maneno unapewa hata kama hukuomba.

"Kimenuka," Karani akasema huku akivaa miwani. Mzee huyu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini. Alistaafu, ila mahakama yenyewe bado haijamtoka. "Sikilizeni. 'Watazamaji wachachamaa. Tamthilia ya malkia yapitisha dakika arobaini bila mtu kufungua mdomo.' Simu zimemiminika kituoni. Mmoja katishia kuitupa televisheni dirishani."

"Huyo mmoja ni mimi!" akadakia Breki.

Breki ni dereva wa lori. Jina tulimpa kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mdomo wake hauna. Wakati huo lori lake lilikuwa gereji wiki ya pili, injini imeshushwa, na yeye yuko nyumbani anaangalia tamthilia asubuhi, mchana na jioni kama kaajiriwa.

"Dakika arobaini, jamani! Mfalme anakula. Malkia anakula. Mdogo wake mfalme anakula. Kijiko, ting! Kisu, kwaruu! Nikajua tivii imeharibika sauti, nikaitandika kofi. Haikusema kitu. Nikaiongeza la pili. Kumbe ndiyo tamthilia yenyewe!"

"Hukuona kitu wewe," Sindano akasema bila kuinua kichwa.

"Nimeona watu wanatafuna."

"Malkia kavaa nini?"

"Gauni."

"Gauni gani?"

"La kimalkia."

Sindano akatoa pini mdomoni. Akitoa pini mdomoni, ujue anataka kuhutubia taifa.

"Tangu sehemu ya kwanza mpaka ya sita, malkia kavaa shingo wazi na mikono mifupi, kitambaa kinapepea. Jana kafunga vifungo mpaka kidevuni. Ishirini na viwili, nimevihesabu kimoja kimoja. Mtu anayefunga vifungo ishirini na viwili ili akale chakula cha jioni nyumbani kwake mwenyewe, huyo haendi kula. Huyo anaenda vitani."

"Au ana kikohozi," Breki akasema.

"Na kitambaa je? Kijani kizito, maua ya dhahabu. Haya, tazama nyuma yake, kwenye dirisha. Mapazia ya kijani kizito, maua ya dhahabu! Kimekatwa jora moja! Mama wa watu kasimama pale, mfalme kainua macho, kaangalia palepale alipo, halafu kaendelea na supu. Hakumwona! Ndani ya jumba lile malkia kageuzwa pazia."

"Mungu wangu," Mama Birika akasema, akaacha kumimina. "Mimi macho yangu yalikuwa kwenye chungwa. Si mlimwona anavyolimenya? Ganda moja refu, halikatiki, linazunguka tu. Alipomaliza, chungwa akampa nani? Shemeji! Mfalme kaachiwa ganda kwenye sahani."

"Pingamizi," Karani akainua kidole. "Chungwa si ushahidi. Miaka thelathini mahakamani sijaona mtu kafungwa kwa ajili ya ganda."

"Kwa sababu mahakimu wenu wote walikuwa wanaume."

"Lakini mishumaa naikubali," Karani akaendelea kama hakusikia. "Walianza na mishumaa saba. Kila mfalme alipopuliza supu yake, mmoja ukazimika. Mwisho umebaki mmoja, uko upande wa malkia."

"Upepo," Breki akasema.

"Madirisha yamefungwa, kuta za mawe, upepo utokee wapi?"

"Kwa mfalme. Mmesema wenyewe alikuwa anapuliza supu."

Nikaona na mimi nisibaki nyuma. "Nyote mnaangalia juu," nikasema. "Mimi nimeangalia chini ya meza. Malkia kavaa buti za kupandia farasi. Mtu havai buti za safari kwenda kunywa supu."

Sindano akaacha kukanyaga pedali. "Soli! Kumbe anaondoka!"

"Kesho kutwa haonekani yule."

"Anaondoka na shemeji!" Mama Birika akapiga paja.

Breki akasimama juu ya ndoo yake. Breki akikosa hoja huwa anaongeza urefu.

"Mnajitesa bure! Mtu akiwa na jambo lake, aseme. Mdomo kapewa wa nini? Vifungo, machungwa, buti, hayo ni mafumbo ya watu wasio na kazi. Nyumbani kwangu sina upuuzi huo. Leo siku ya tisa mke wangu hajapandisha sauti hata mara moja. Tisa! Amani tupu. Naangalia tamthilia yangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna wa kunikatiza."

Alitegemea tumpigie makofi. Hakupiga mtu.

"Hajapandisha sauti," Mama Birika akarudia taratibu, "au hajaongea?"

"Si kilekile?"

Karani akakunja gazeti akaliweka chini. Sote tunamfahamu mke wa Breki. Ni muuguzi wa kliniki ya watoto, mtaa mzima unamwita Sista, na nusu ya watoto wanaokimbia hapa wamepita mikononi mwake. Ni mtu wa maneno. Humshika mtoto anayepiga mateke, akamchoma, akamchekesha na kumsema mama yake kwa kuchelewa, vyote kwa pumzi moja. Sista kunyamaza siku tisa si jambo la kupongezana.

"Shahidi ashuke kwenye ndoo," Karani akasema. Breki akashuka. "Asubuhi mkeo anasema nini?"

"Anasema 'chai.'"

"Mchana?"

"'Chakula.'"

"Usiku?"

"Anazima taa."

"Hilo si neno, Breki."

"Lakini naelewa."

"Jana alivaa nini?" Mama Birika akauliza.

"Gauni."

"Gauni gani?"

"La... la kike."

Mama Birika akafumba macho kama anaomba subira. Breki sasa alikuwa anakuna shingo.

"Ila kuna jambo limenishangaza," akasema. "Siku hizi sebuleni kuna mwanga mwingi. Jana jua linapiga kwenye kioo cha tivii, sioni kitu. Mwenzangu kasimama pale dirishani. Nikamwambia, 'Mama, hebu vuta hilo pazia.' Hakusogea. Akabaki ananitazama tu."

"Aaah!" Sindano akapiga kelele. Alikuwa amejichoma kidole. Miaka yote nimekaa naye sijawahi kumwona akijichoma.

"Vipi, fundi?" Karani akamgeukia.

"Siri ya mteja ni siri ya mteja."

"Nani kataja mteja?"

Sindano akanyonya kidole. Akamwangalia Breki, akaniangalia mimi, akaangalia cherehani kama inaweza kumsaidia.

"Jumanne alikuja," mwisho akasema. "Kaleta pazia la sebuleni. Akasema nimshonee gauni. Mimi ni fundi, nikamshonea."

"Pazia langu?" Breki akauliza.

"La rangi ya maziwa, lenye majani ya bluu."

"Kumbe lina majani?"

Hapo tulikufa. Mimi nilikuwa na misumari midogo mdomoni, nusura niimeze. Karani alivua miwani akafuta machozi. Mama Birika akashikilia birika kwa mikono miwili. "Breki! Yaani ulikuwa unaliambia pazia livute pazia!"

Tulicheka mpaka tulipouona uso wa Breki. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Aliniambia pindo liwe refu kidogo," Sindano akaongeza, sauti imeshuka. "Na niweke mifuko miwili mikubwa. Akasema, 'Fundi, nitasafiri nalo.'"

"Na wewe ukakaa kimya!" Mama Birika akamrukia. "Malkia wa kwenye tivii unamsoma mpaka kifungo cha ishirini na mbili. Mteja wako mwenyewe kasimama mbele yako anasema anasafiri, unampima kiuno tu!"

"Nilidhani ni fasheni!"

"Fasheni!" Akaweka birika chini, akavuta kigoda chake karibu na Breki. "Sasa nisikilize, mdogo wangu. Binti yangu juzi kampeleka mtoto kupimwa uzito. Kliniki nzima wanajua. Sista kachaguliwa kuwa mkuu wa kliniki mpya, mji ule wa ng'ambo ya mto. Mwisho wa kujibu ni leo, saa sita mchana. Wewe alikuambiaje?"

Breki alichukua muda. Hilo peke yake lilitutisha.

"Alikuja na karatasi," akasema. "Ile siku ya kwanza. Akasema, 'Baba, naomba tuzungumze, hii unaionaje?' Nikamwambia subiri tangazo la biashara. Tangazo likaja, akakaa, akaanza kusema, tamthilia ikarudi. Nikamwambia subiri tangazo jingine."

"Mara ngapi?" Karani akauliza. Sauti ya mahakama ilikuwa imemtoka.

"Mara tatu."

"Na karatasi iko wapi?"

Breki akainamisha kichwa. "Meza ya tivii ilikuwa inacheza. Niliikunja nikaiweka chini ya mguu."

Sindano akatazama saa yake ya mkononi. Saa nne na nusu.

"Soli, twende," Breki akanivuta mkono.

"Mimi nahusika vipi?"

"Mbele ya mgeni hawezi kunirushia kitu."

Njiani hakusema neno. Mtu huyu akiwa usukanini anaongea na abiria, akikosa abiria anaongea na mzigo. Tulipofika ngazini kwao akasimama. "Nianze na nini?" akanong'ona.

"Anza kwa kumwangalia," nikamwambia. Sikuwa na lingine.

Mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Sebuleni kulikuwa na maboksi matano yamefungwa kamba, moja limeandikwa VYOMBO, jingine MADAFTARI. Dirisha lilikuwa tupu, jua limejaa mpaka ukutani. Sista alikuwa anapiga pasi sare zake nyeupe, amevaa gauni la rangi ya maziwa. Kusema haki, Sindano alikuwa amelipatia. Lilikuwa limemkaa.

"Karibu, shemeji," akaniambia. Mumewe hakumwambia kitu.

"Umependeza," Breki akasema.

"Kimependeza nini?"

"Gauni. Lina majani."

"Ya rangi gani?"

"Bluu."

"Nani kakuambia?"

Mimi nikaanza kukagua viatu vyangu.

Breki akapiga magoti mbele ya meza ya tivii, akashika ile karatasi chini ya mguu, akaivuta. Meza ikainama. Tivii ikateleza, na mimi, bila kufikiri, nikairukia nikaidaka. Ilikuwa ya zamani, ile yenye mgongo, nzito kama mtu mzima. Nikabaki nimeikumbatia, sina pa kuiweka, maboksi yote yamejaa vyombo vya watu. Mazungumzo yote yaliyofuata niliyasikia nikiwa katika hali hiyo.

Breki akakaa chini akaikunjua karatasi. Akaisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata maneno. "'Kutokana na utumishi wako wa miaka kumi na minne...'" Akasimama hapo. "Kumi na minne?"

"Kumi na minne," Sista akasema, pasi ikiendelea.

Akasoma mpaka mwisho. Akainyoosha juu ya paja, kwa kiganja, lakini mikunjo ile ilikuwa haitoki tena. "Saa sita bado," akasema. "Twende sasa hivi ukajibu. Nakusindikiza."

"Nimeshajibu. Tangu Jumatatu. Nimekubali. Jumatatu hii tunaondoka, mimi na watoto. Shule wameshapata."

"Ndiyo maana ukavaa pazia," Breki akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Nimeelewa sasa, mama. Ulikuwa unaniambia kwamba humu ndani nimekugeuza pazia. Nakuangalia sikuoni."

Sista akaisimamisha pasi. "Pazia limefanya nini tena? Nyumba ya kule ina madirisha madogo, hili lisingetosha popote. Nikaona kitambaa kizuri kitaharibika bure, nikashona gauni." Akanigeukia. "Shemeji, nani kamjaza maneno haya?"

"Tivii, shemeji," nikasema. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Haya." Akamrudia mumewe. "Pazia ni pazia. Ila hilo la kuniangalia usinione, hilo ni kweli."

Breki akapokea lile neno kama mtu anayepokea mzigo kichwani, shingo ikaingia ndani. Halafu udereva ukampanda. "Vitu mtabeba na nini? Gari langu si unajua injini iko chini."

"Nimekodi."

"La nani?"

"La Kipara."

Hapo ndipo alipoumia waziwazi. "Kipara! Kipara anakanyaga klachi kama anaua mende! Mke wangu ahamishwe na Kipara?"

"Nilikuuliza mara tatu, baba," Sista akasema. Akageuka haraka, akanyoosha kola ya sare iliyokwisha kunyooka. "Mara tatu. Sikutaka ruhusa. Nilitaka tu unisikilize nikisema kwamba nimechaguliwa. Nilitaka mtu wa kufurahi naye. Siku ile nilipanda ngazi hizi mbio kama msichana."

"Niulize mara ya nne," Breki akasema.

Sista akachomoa waya wa pasi. Akakaa juu ya boksi la vyombo, magoti yao yakikaribia kugusana. "Haya. Unaonaje?"

Breki akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Naona wamechelewa. Ungekuwa mkuu zamani. Naona nimekaa na wewe nyumba moja wiki mbili, na aliyejua habari zako ni muuza kahawa. Na naona..." akafuta pua kwa kiganja, "naona naogopa kubaki humu peke yangu. Gari likitoka gereji naweza kuwa nalilaza kule. Mizigo ya ng'ambo ipo. Kama nafasi ipo, lakini. Sikulazimishi."

Sista alimtazama muda mrefu. Sijui ulikuwa muda gani, ila mikono yangu ilihesabu dakika arobaini.

"Mbele tumejaa, mimi na watoto," hatimaye akasema. "Nafasi iliyobaki iko nyuma, pamoja na kabati."

"Nitakaa na kabati."

"Njia ni ya vumbi."

"Nitajifunika."

"Ni mwendo wa saa sita, baba."

"Hata siku sita."

Sista akauma mdomo asicheke, akashindwa. Nikaona hapo ndipo pa kuingiza jambo langu. "Na tivii, shemeji? Niiweke wapi?"

"Nenda nayo," akasema. "Naona mmeshazoeana."

Hivyo ndivyo nilivyopata tivii. Niliibeba mpaka kijiweni, napumzika kila nyumba ya tatu, na Sindano aliponiona kwa mbali alidhani Breki amefukuzwa na vyombo vyake nimepewa mimi nivitupe. Ilinibidi nieleze kuanzia mwanzo, mara mbili, kwa sababu Mama Birika alitaka kujua kwanza Sista alisema "haya" kwa sauti gani.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kijiweni wote. Lori la Kipara lilipita saa tatu, linalia gia kama ng'ombe. Mbele Sista na watoto wawili. Nyuma, kati ya godoro na meza ya miguu juu, Breki amesimama amelikumbatia kabati, uso tayari una vumbi. Miaka ishirini dereva, leo mzigo.

"Kwaherini!" akatupungia. Halafu gia ikakwaruza, akasahau kwamba anaagana. "Kipara! Gia ya pili! Ya pili, wewe, unalichinja hilo gari! Achia klachi! Jamani, huyu mtu..."

Mkono ukatoka kwenye dirisha la mbele. Mkono wa gauni la rangi ya maziwa, majani ya bluu. Haukupunga. Kiganja kilielekea chini, kikashuka taratibu mara moja, kikarudi ndani.

Breki akafunga mdomo palepale. Akakaa kwenye godoro, akaegemeza bega kwenye kabati, na mpaka wanakata kona hakusema kitu, lakini meno yote yalikuwa nje.

"Kaelewa!" Mama Birika akashangilia. "Bila tafsiri ya mtu!" Akageuka amtanie Karani, kwamba na yeye mzee azoee kumtazama mkewe. Kikombe cha Karani kilikuwa pale benchini, hata nusu hajafika. Mwenyewe alikuwa ameshavuka barabara, anaelekea nyumbani kwake kwa mwendo ambao magoti yake hayajauona tangu astaafu.